Chai ya Bi Mkubwa na siti ya Evenepoel

Kibanda chenyewe hakina kibao. Ukifika Ngamiani, Tanga, uliza "pale kwa Bi Mkubwa wanapobishania baiskeli", utaonyeshwa kwa kidevu: Barabara ya 14, ubavuni kwa fundi baiskeli, penye mwembe uliopakwa chokaa mpaka kiunoni. Nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia makusudi, na sababu yake ni benchi. Nitalifikia.

Mie ni fundi cherehani. Kila asubuhi natoka Makorora na Phoenix ya marehemu baba, ile yenye bomba la juu, ambayo kwa mtu wa baibui inataka ujanja wake. Siku moja nilipata pancha karibu na pale, nikaambiwa nisubiri, nikaletewa chai nisiyoiagiza. Huo mwaka wa tatu sasa.

Chakula kwanza, maana najua wengine mtasoma hapa tu. Mbaazi za nazi ni za kweli: nazi imekunwa asubuhi hiyohiyo, tui zito limeingia mwisho, hakuna unga wa kuongezea uzito. Sahani moja na mahamri mawili ni shilingi 1,500. Chai ya maziwa 500, ina iliki na tangawizi, na maziwa hayakuhesabiwa kwa matone. Chapati usiagize baada ya saa nne. Zinakuwa zishavutana kama tyubu. Kahawa chungu na kashata huanza alasiri. Supu ya pweza haipo, msidanganyike na pweza aliyechorwa ukutani. Yule kaachwa na mpangaji aliyetangulia, na Bi Mkubwa anasema hawezi kumfuta kiumbe aliyemkuta nyumbani.

Fundi wa pembeni ni shemeji yake Bi Mkubwa, sote twamwita Ami. Pancha 1,000, kupiga pampu bure kwa aliyekunywa chai. Ringi iliyopinda anainyoosha kwa jicho na spana ya spoki, na hana haraka kabisa. Ukimharakisha anakurudishia baiskeli kama ilivyokuja.

Haya, sasa kilichonileta kuandika. Tanga baiskeli si mchezo, ni miguu ya pili. Mama anakwenda nayo sokoni, mwanafunzi shuleni, mzee msikitini. Lakini mbio za baiskeli, zile za Ulaya za watu wenye kofia, hazikuwa na mwenyewe mjini hapa mpaka mjukuu wa Bi Mkubwa alipounganisha simu yake na televisheni ya inchi 32 kwa waya. Bando linachangwa: unatia 500 kwenye kopo la maziwa, unapata haki ya kutazama, na haki ya kusema. Hii ya pili ndiyo bidhaa bora ya kibanda kile, kuliko hata mbaazi.

Jumapili ya Septemba 28, 2025 nilifika saa nne asubuhi nikakuta benchi limejaa. Mashindano ya dunia yalikuwa Afrika kwa mara ya kwanza, tena kwa jirani, Kigali. Wao walianza saa nne kasorobo, kwetu saa tano kasorobo, na siku nzima kuna mtu aliyekuwa anachanganya saa. Mwalimu, mstaafu wa jiografia ambaye hukaa ncha ya benchi karibu na nguzo, akasimama kabla ya mbio kuanza akatusomesha. Kilomita 267.5. Ukitoka Tanga kwa baiskeli unapita Segera, unaipita Chalinze, ndipo unashuka. Mipando yote ukiijumlisha ni mita 5,475.

"Mnaijua Mombo kupanda Lushoto?"

Nani asiyeijua? Kona zile za kuelekea Soni, basi linavyoguna, abiria wanavyoacha kuzungumza.

"Basi ile, ipandeni mara tano na ushee kwa siku moja. Na mji wenyewe uko juu zaidi ya mita 1,500, hewa ni ya kubania."

Bwana mmoja akasema hata sisi tuna mlima, tuta la mbele ya shule. Tulicheka, lakini maneno ya Mwalimu yaliwakaa watu. Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kumwita mtu mvivu kwa kuachwa na kundi.

Niseme pia kuhusu Jumamosi yake, maana mbio za wanawake nilizitazama na Bi Mkubwa na wasichana wawili tu, wanaume walikuwa mpirani. Magdeleine Vallieres wa Kanada, miaka 24, ambaye hakuwa kwenye midomo ya watu, aliwaponyoka wote akavaa jezi ya upinde wa mvua, ile ya bingwa wa dunia. Wenye majina makubwa walikuwa nyuma wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake afanye kazi ya kumfukuza. Bi Mkubwa, ambaye baiskeli aliacha kupanda alipopata mimba ya kwanza, alikuwa anachochea mkaa bila kuangalia kioo. Akasema, "Hao si kwamba wamechoka. Kila mmoja anaogopa kumpikia mwenzake." Sijasikia maelezo mazuri zaidi ya mbio za siku moja. Ukivuta mbele, unawakatia upepo walio nyuma yako. Usipovuta, aliyeponyoka anakwenda. Akaniuliza kama kuna mwanamke wa Afrika anayeweza mambo haya, nikampa Kim Le Court wa Mauritius, aliyeshinda Liège–Bastogne–Liège ya Ubelgiji mwezi Aprili mwaka huohuo, nayo ni mbio ya vilima vitupu. Siku hiyo nilikunywa chai ya bure.

Turudi Jumapili. Kwa mizunguko mingi ya mwanzo watu walikuwa wanapiga soga na kucheza bao. Mzunguko wa mjini ni kilomita 15 na kitu, una mpando wa mawe ya kupanga wa Kimihurura, na kila wakipita pale kundi linapungua kama sabuni. Kisha wakachepuka kwenda Mlima Kigali, kilomita karibu sita za kupanda. Zimebaki kilomita 104 hivi. Tadej Pogačar wa Slovenia, bingwa wa mwaka uliotangulia, kanyanyuka kwenye siti, na picha ikaganda. Imeganda! Kinywa chake wazi, mguu mmoja juu. Bando lilikuwepo, mtandao ndio uliokata kamba, na mjukuu aliipigapiga simu ile kama anaamsha mgonjwa. Dakika mbili tatu hivi. Kwa malipo ya 500 sitaki makuu, lakini kama kuna siku ya kukodi laini mbili, ni ile.

Picha iliporudi alikuwa na Juan Ayuso wa Uhispania na Isaac del Toro wa Mexico. Waja leo, waondoka leo, ndivyo tunavyosema Tanga: Ayuso kabla hatujamaliza kubishana kafikaje pale, kakatika. Na hapo ndipo fujo ilipoanza, kwa sababu kijana wa bodaboda, anayefuatilia sana, alitaja kwamba wote watatu wakati ule walikuwa waajiriwa wa timu moja, UAE. Siku ile tu ndio wamevaa jezi za mataifa.

"Basi wamepanga!"

"Wamepanga nini? Angepanga angekatika?"

"Wachezaji watatu wa klabu moja wakikutana kwenye timu tatu za taifa, hawapasiani mpira."

"Hawapasiani, lakini hawavunjani miguu vilevile."

Mie nilikuwa upande wa waliosema hakuna mpango. Del Toro alikuwa na miaka 21, ametoka kwenye Giro, mbio za wiki tatu za Italia, ya mwaka huo akiwa wa pili baada ya kuiona jezi ya pinki ya anayeongoza ikimtoka mlimani siku moja kabla ya mwisho. Kijana wa namna hiyo akiona gurudumu la Pogačar mbele yake analifuata tu, hesabu atapiga jioni.

Nyuma huko Remco Evenepoel wa Ubelgiji alikuwa kasimama kando ya barabara. Huyu ndiye aliyempita Pogačar barabarani Jumapili iliyotangulia, kwenye mbio za saa, zile za kila mtu kuondoka peke yake na kupimwa muda, ilhali Pogačar alitangulia kuondoka kwa dakika mbili na nusu. Kwa hiyo pale kibandani alikuwa na mashabiki wengi, Ami akiwa mwenyekiti wao. Kumbe kabla ya Mlima Kigali alipiga shimo, siti ikahama, misuli ya nyuma ya paja ikaanza kubana. Akabadili baiskeli. Ya pili nayo siti haikumkaa. Akasimama tena, mikono hewani, gari la timu halijafika. Ami alisimama naye. Alikuwa ameshika spana mkononi, kaikunjia ngumi, anaisemesha televisheni: "Shusha ncha ya mbele, baba, shusha ncha!"

Adhana ya alasiri ikaita. Wanaume karibu wote wakaondoka, wakimwacha Pogačar na Del Toro wawili mbele. Bi Mkubwa kaingia ndani kuswali. Mie siku zile sikuwa na swala, nikabaki na kijana wa bodaboda na paka. Hivyo mashahidi tulikuwa wawili, Pogačar alipomwacha yule kijana zikiwa zimebaki kilomita 66. Hakukuwa na kuchomoka kwenyewe, alikuwa anaendelea vilevile na mwenzake hayupo. Waliporudi na kanzu zao ikabidi niwahadithie, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale wanaume kumi na wawili walinyamaza kunisikiliza. Mmoja aliyekuwa mgeni alijaribu kusema, "Mama, wewe endelea na chai." Bi Mkubwa alikuja akachukua kikombe cha yule bwana, nusu bado imejaa, akakimwagia mwembe.

Matokeo mnayajua: Pogačar wa kwanza, Evenepoel wa pili kwa dakika 1 na sekunde 28, Ben Healy wa Ireland wa tatu kwa dakika 2 na sekunde 16. Waliomaliza 30 tu. Saa sita na zaidi barabarani.

Sasa ukitaka kujua thamani ya kibanda hiki, kaa baada ya mbio. Mlango wa bati wa duka la Ami unafungwa, Mwalimu anatoa chaki mfukoni, na kila mpandaji anapewa alama juu ya kumi. Lazima utoe sababu, ukisema "kwa sababu nampenda" alama inafutwa. Jioni ile waliomaliza wote 30 walipewa sita ya kuanzia, kwa heshima, hilo halikujadiliwa. Healy kapata tisa bila kupingwa, ingawa anavyoendesha, kichwa kimelala upande kama anayesikiliza redio ya jirani, Ami alikuwa anakunja uso. "Baiskeli haijali sura," akasema mwishowe, akaandika tisa mwenyewe. Kijana wa bodaboda akaulizia Biniam Girmay wa Eritrea, Mwalimu akamjibu kwamba yule ni wa kumalizia kwa kasi, jezi ya kijani ya Tour de France ya mwaka 2024 hakuipata kwa kupanda milima; usimpime mvuvi kwa kilimo.

Pogačar aligawa nyumba. Bodaboda kumi. Mwalimu nane, eti hakusukumwa na mtu, na mtihani asiousumbukia mwanafunzi haupimi kitu. Nilikasirika kidogo. Mtu kapanda peke yake kilomita 66, hana wa kumkatia upepo, nyuma watu wanapokezana kumfukuza, unamnyima mbili kwa sababu wenzake wameshindwa kumsumbua? Tulibishana mpaka taa za barabarani zikawaka. Bati likaandikwa tisa, kwa kura.

Lakini mzigo ulikuwa Evenepoel. Ami alitaka tisa na nusu. Hoja yake: mtu kapanda baiskeli tatu, kasimama mara mbili, na bado pengo ni dakika moja na nusu. Toa shimo lile, wanafika pamoja. Mie nilimpa nane. Nilisema kuachwa kaachwa mlimani, na Pogačar aliondoka palepale anapoondokea kila mwaka. Mashindano ya dunia ya Zurich mwaka 2024 alikwenda zikiwa zimebaki kilomita 100, kila mtu anajua, na hakuna anayemzuia.

"Fundi mwenzangu," Ami akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "wewe unashona. Kitambaa kikihama nusu inchi, suruali inakuwaje?"

"Inavuta."

"Basi njoo kesho na Phoenix yako."

Nilikwenda Jumatatu baada ya kazi. Akalegeza nati ya siti kwa spana namba 13, akaishusha vidole viwili, akainyanyua ncha ya mbele kidogo, akakaza. "Zunguka mpaka barabara ya kwanza na kurudi." Niliona utani. Ngamiani ni tambarare kama meza! Barabara ya saba nilianza kusikia paja linaniita kwa nyuma. Nilipofika ya kwanza nilikuwa najisogeza mbele na nyuma kama niliyekalia chungu. Kurudi, kwenye ya kumi, nilishuka nikasukuma, na watu wananiamkia nashindwa kuitikia vizuri. Mwalimu naye alijaribu, akarudi kwa miguu, baiskeli kambebesha mtoto wa jirani kwa shilingi mia mbili. Ami akatuchekea meno yote. Akairudisha siti ilipokuwa, akaipima kwa kisigino juu ya pedeli, mguu unyooke bila kukaza, na tangu siku ile Phoenix ya baba imekuwa nyepesi kuliko nilivyoijua. Hakunitoza. Nilipandisha alama ya Evenepoel hadi tisa, nikaandika mwenyewe kwenye bati.

Hapo ningeishia ningekuwa nimemsifia Ami tu. Ila mbio ziliendelea. Oktoba 5, mashindano ya Ulaya, kule Ufaransa, vilima tena: Pogačar peke yake kutoka mbali, Evenepoel wa pili kwa sekunde 31. Oktoba 11, Il Lombardia, Italia, milima: Pogačar wa kwanza kwa mara ya tano mfululizo, akamfikia Fausto Coppi, Mwitaliano wa zamani, kwa idadi ya ushindi wa mbio hiyo, na Evenepoel wa pili tena, safari hii kwa dakika 1 na sekunde 48. Mara tatu ndani ya siku 14, mtu yuleyule mbele, yuleyule nyuma. Jioni ya Lombardia hakuna aliyesema kitu, sote tulikuwa tunamtazama Ami.

Alikunywa kahawa yake yote kwanza. Kisha akasema, "Italia sijasikia shimo."

Hilo tu. Akaenda kwenye bati, tisa niliyoiandika mie ilikuwa bado ipo, imefifia, akaifuta kwa kiganja, akaandika nane na nusu. Mwalimu akauliza hiyo nusu ya nini. "Ya siti," akajibu. Nami nadhani hiyo ndiyo alama sahihi, na sijaona mahali pengine ilipofikiwa kwa njia ya haki namna ile. Shimo lilimgharimu, ndiyo. Ila lilimgharimu sehemu ya pengo, si jezi.

Kasoro, sasa. Televisheni nimeshaisema. Choo ni cha nyumba ya pili, funguo anayo mtu ambaye hayupo. Jumapili za mbio mbaazi zinakwisha kabla ya saa tano na Bi Mkubwa hapiki sufuria ya pili hata umlilie. Anasema kibanda si harusi. Kelele ni nyingi, ukiwa na mtoto mchanga usije. Na kopo la bando halina hesabu, ingawa sijawahi kuona mtu akilitilia shaka.

Na benchi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, unachukua watu saba, wanakaa tisa, na akinyanyuka wa ncha moja kwa furaha, wa ncha nyingine anakwenda chini. Healy alipopita mstari nilimwagikiwa na chai paja zima. Nimemwambia Ami mara tatu: wewe unayejua madhara ya siti iliyohama vidole viwili, huoni hili? Anajibu benchi si kazi yake, ni ya seremala.

Ukienda siku ya mbio, fika mapema na ukae karibu na nguzo, upande wa Mwalimu, umetulia. Ncha ya mwembeni iacheni, ina msumari.